Siku Wasusi wa Jules Street Walipoandika Majina Yao

Furaha, mwanafunzi wa chuo niliyekuwa namsuka, kaniambia niwaandikie nyie mnaoingia kwenye kamati ya wanafunzi mwaka huu. "Anti, waeleze ulivyofanya." Nikamwambia sikufanya kitu, mimi nilikuwa msusi. Akasema basi waeleze ususi. Haya. Kaeni. Mteja wa rasta ndogo hukaa kitini saa sita bila kulalamika, nyie hamtakufa kwa kurasa chache.

Mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na mitano na nimestaafu, kwa sababu vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki asubuhi mpaka nivitie kwenye maji ya moto. Miaka kumi na sita nimesimama nyuma ya vichwa vya watu pale Jules Street, Malvern, Johannesburg, kwenye saluni ya viti vinne iliyobanwa kati ya fundi simu na duka la matairi. Sasa nauza rasta, sisuki. Kwa hiyo mnayoyasoma ni ya mtu aliyemaliza kazi. Sitafuti wateja, na sina sababu ya kumpaka mtu mafuta.

La kwanza, anzieni kisogoni. Msusi mgeni huanza mbele kwa sababu mbele ndiko kunakoonekana, anataka mteja ajitazame kwenye kioo atabasamu. Kosa hilo. Mbele panataka mkono uliokwisha kuizoea nywele ya yule mtu. Ukianza kisogoni, makosa yako ya saa ya kwanza yanafunikwa na nywele nyingine, na ukifika mbele mkono umeshatulia. Nimeziona kampeni za wanafunzi zikianza mbele: fulana, bango, picha na mkubwa fulani. Ukigeuza kichwa, kisogo kitupu.

La pili nimefundishwa na Mama Divine, na yeye sharti niwaeleze ni nani. Ni Mkongomani wa Lubumbashi, mfupi, mwenye saluni. Nilipofika mlangoni kwake nilikuwa na cheti cha Form Four cha Morogoro ndani ya bahasha na binti yangu Neema mgongoni.

"Unajua kusuka?"

"Najua."

"Suka basi."

Nikasuka mistari miwili. Akainama, akaitazama kama mtu anayetafuta chawa.

"Hii unasuka mutu ao unasuka kikapu?"

Lakini alinipa kiti. Akanifunza kusuka watatu kichwa kimoja, maana hapa mjini mteja ana haraka, na wasusi watatu wanamzunguka kila mmoja na upande wake. Tatizo ni kwamba mikono haifanani. Wa kwako ukikaza na wa mwenzako ukilegea, mteja anarudi nyumbani na kichwa kinachomvuta upande mmoja, na wiki mbili baadaye nywele za pembeni zinang'oka. Dawa yake ni ndogo. Kabla hamjaanza, kila mmoja anasuka msuko mmoja, halafu mnavuta yote mitatu kwa vidole. Mwenye mkono mkali ndiye anayepunguza. Asiyekaza haambiwi akaze, kwa sababu akikaza kwa kuambiwa atakaza vibaya.

Na kosa langu kubwa niliseme, ili msidhani mnasoma maneno ya mtu safi. Mteja alikuja kufumua rasta za zamani. Kufumua kunaanza kwa kukata: unakata ile rasta ya dukani chini ya pale nywele zake mwenyewe zinapoishia. Unatakiwa umuulize zinaishia wapi. Sikumuuliza. Nilikuwa najua kila kitu, nilikuwa na miaka ishirini. Nikakata, na kilichobaki mkononi kilikuwa laini mno kuwa cha dukani. Nywele zake. Unajua nilifanya nini? Nilizitia kwenye mfuko wa aproni nikaendelea kupiga soga.

Mama Divine alikuwa kiti cha tatu. Hata hakugeuka.

"Toa."

"Nini, Mama Divine?"

"Iko mu mufuko. Toa, muonyeshe mwenyewe."

Nikazitoa. Yule mteja, mwalimu wa watu wazima, alinitazama kwenye kioo akasema sentensi moja ya Kizulu. Sikuielewa, na wote walioielewa wamekataa kunitafsiria mpaka leo.

Haya, tuje kwenye yenu.

Furaha alikuwa mteja wangu kila baada ya miezi miwili. Wazazi wake ni Wakongomani, yeye kazaliwa hapa hapa Johannesburg, anaishi Doornfontein kwenye ghorofa na wenzake, anasoma uinjinia. Kiswahili anakisikia lakini hakisemi; ukimsemesha anakujibu Kiingereza kilichochanganywa na "eish", na tunaelewana hivyo hivyo. Siku moja nimemshika kichwa, yeye anapiga simu, anagombana na mtu juu ya programu ya chuo chao. Alipokata simu nikamuuliza programu gani.

Akanieleza, nami nawaeleza wale wasiojua. Chuo chao, ambacho sikitaji, kinachukua watoto wa sekondari wa gredi ya kumi na moja. Kila Jumamosi wanakaa darasani chuoni na kusoma masomo ya mwaka wa kwanza, bure. Wakifaulu, siku wakiingia chuo masomo yale yanahesabiwa, hawayarudii. Mtoto anaanza chuo ana mguu mmoja tayari ndani.

"Neema yuko gredi ya kumi na moja," nikasema. "Hesabu ndiye wa kwanza shuleni kwao."

Furaha akaweka simu mapajani. Nikaona kwenye kioo amekunja midomo.

"Anasoma wapi, Anti?"

"Hapa hapa Malvern."

"Basi haiwezekani. Shule yake haimo kwenye orodha."

"Orodha ya nini?"

"Ya shule. Zile za huko Randburg kwa wenye nafasi, na nyingine chache za kulipia. Ndiyo nilikuwa nagombana hivyo kwenye simu. Sisi wanafunzi tunataka waifute."

"Nani kaiandika?"

"Sijui, Anti. Iko tu."

Mimi hasira yangu haipigi kelele. Nikikasirika nazidi kuwa mpole, muulize Neema. Nikamaliza kichwa cha Furaha taratibu, nikachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, nikamfuta shingo. Halafu nikamwambia, "Orodha ikiwa iko tu, inaweza pia isiwepo. Mnataka nini kutoka kwetu?"

Walitaka saini za wazazi. Kumbe walikuwa wanazitafuta kwenye geti la chuo! Wazazi wa Malvern wakafanye nini kwenye geti la chuo? Nikamwambia alete karatasi saluni. Mtu aliyekaa saa sita hana pa kwenda, ukimpa karatasi atasoma hata alama za mwisho wa sentensi.

Akaleta. Jina, shule ya mtoto, saini. Kwa wiki nzima zikakaa pale mezani chini ya kopo la mafuta ya nywele. Wasusi wote wa mtaa wetu wakatia saini, na mafundi cherehani, na kina mama wa kanisa la ghorofani, na mwenye spaza, kile kiduka cha kona, aliyetuuzia mkate akaambiwa atie saini kwanza ndipo alipwe. Zikajaa. Furaha akaja mbio, akazikunja, akazipeleka ofisi ya programu bila kuzisoma.

Alirudi siku ya pili. Alizitupa karatasi juu ya kiti.

"Anti, mmeniaibisha."

"Tumekuaibisha nini?"

"Zisome!"

Nikazisoma. Mama Neema. Mama Divine. Mama Gift. Mama Gloria mrefu. Mama Gloria mfupi. Mama Mapacha. Bibi Zawadi. Mama Neema wa kanisani. Karatasi zote hivyo, mwanzo mpaka mwisho.

"Sasa kosa liko wapi?"

"Yule mama wa ofisi kanisomea kwa sauti, mbele ya watu. Kaniuliza, hawa ni wazazi au mmejiandikia wenyewe bwenini? Kaniuliza Mama Mapacha ni nani!"

"Si ni yule anayeuza maandazi?"

"Anti! Hayo si majina!"

"Si majina? Nenda Jules Street yote ukamtafute Rehema, uone kama utanipata. Uliza Mama Neema, utaletwa mpaka mlangoni."

Tulicheka kidogo, lakini yeye alikuwa anakaribia kulia, na haki yake. Alikulia nyumba ya Kikongomani, mama yake mwenyewe anaitwa Mama Furaha, na bado hakufikiri kwamba tutaandika vile. Na sisi hatukufikiri kwamba kuna mahali duniani mzazi anatia saini juu ya mtoto wake na jina la mtoto lisitoshe. Lawama tugawane.

Nikasema basi turudie, kila mtu aandike jina la kwenye karatasi zake. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja.

Hakuna aliyetaka.

Hapa ndipo nyie wa chuo mnapokosea, nisikilizeni vizuri. Mnadhani mtu akikataa kutia saini hajaelewa, mnamwongezea maelezo. Alishaelewa. Mama Divine alinieleza bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

"Jina yangu ya kweli iko mu karatasi ya ukimbizi. Ile karatasi minaonyesha polisi, minaonyesha hospitali, minaonyesha shule. Kila mara minaionyesha, moyo inafanya pu! Sasa niiandike tena, ikae mu ofisi ya batu sibajue? Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya Divine."

Divine ni binti yake. Yuko darasa moja na Neema, wamekua wote chini ya meza ile ile ya saluni wakichezea vipande vya rasta.

"Divine atasoma pale alipo."

Sikubishana. Nilivuta karatasi mpya, nikaandika juu kabisa, herufi kubwa, REHEMA SALUM KIBWANA, nikaandika shule ya Neema, nikatia saini. Mimi pia vibali vyangu si vya kujivunia, nawaambia ukweli. Nikaiacha karatasi kitini na kalamu juu yake, nikarudi kwa mteja wangu. Karibu saa nzima hakuna aliyeigusa. Halafu Mama Divine akafuta mikono, akaenda, akaandika, akarudi. Nikachungulia.

"Espérance? Wewe ndiye Espérance?"

"Kwani ulizani nilizaliwa Mama Divine?"

Miaka kumi na sita nasimama bega kwa bega na yule mwanamke. Kanishikia Neema akiwa na homa. Sikuwa najua jina lake.

Baada ya hapo wakaja mmoja mmoja. Wengine waliandika wakiziba kwa mkono kama watoto kwenye mtihani. Mama Mapacha kumbe ni Josephine. Bibi Zawadi alikataa mpaka mwisho na nikamwacha. Zilikuwa chache kuliko za kwanza, karibu nusu, lakini kila moja ilikuwa na mtu nyuma yake. Furaha akazisoma zote safari hii, mstari kwa mstari, ndipo akazipeleka, pamoja na barua ya kamati iliyotaja mfano wa Neema. Wakapewa mkutano wa Jumanne.

Alhamisi kabla ya mkutano simu yangu ikaita. Yule mama wa ofisi, mwenyewe. Sauti nzuri, ya upole. Kasema wamesoma habari za binti yangu, wamevutiwa, wameona wampe nafasi. Aanze Jumamosi hii.

"Na wengine?"

"Wengine ni suala la orodha, mama. Huyu tunamchukua kama hali ya pekee. Na nadhani sasa mkutano hautakuwa na haja sana kwako."

Nilimwambia nini? Nilimwambia asante. Sitawaficha. Nilimwambia asante mara tatu.

Nilimpigia Furaha nikamweleza.

"Chukua, Anti."

"Na nyie?"

"Sisi tutaendelea. Wewe chukua."

Mama Divine alikuwa pale pale, kasikia kila neno. Alikuwa anamsuka msichana mmoja wa benki, na baada ya dakika kidogo yule msichana akasema, "Auntie, taratibu, unaniumiza." Mama Divine akaomba radhi, akafumua ule msuko, akaanza upya. Katika miaka yote kabla ya siku ile sikuwa nimemwona akikaza mkono.

Jumamosi Neema akaenda. Akarudi jioni, na mtoto huyu ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza kwa neno moja moja, aliongea kuanzia mlangoni mpaka sahani zikaoshwa. Kwamba mwalimu wao ni kijana anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Kwamba kuna hesabu haina jibu moja, ina majibu mengi, na yote sahihi. Alinichorea kwenye bahasha ya bili ya umeme. Sikuelewa hata mstari mmoja. Nilimtazama uso wake tu. Ile bahasha ninayo.

Jumanne nikaenda mkutanoni. Sikuwa nimeamua kusema kitu. Nilienda kwa sababu wasusi wenzangu wanane wa mtaa wetu walikuwa wamefunga kazi mchana ule, na nisingeweza kubaki saluni peke yangu na viti vitupu. Neema alikuja kuwatafsiria, na Divine akaja naye. Upande wa pili wa meza walikaa yule mama wa ofisi na yule mwalimu kijana wa mkono wa kushoto.

Furaha alisema vizuri, kwa adabu. Mama wa ofisi akajibu vizuri, kwa adabu. Akaeleza kwamba orodha haina ubaguzi, ni kumlinda mtoto. Mtoto wa shule ambayo haijaandaliwa ataletwa hapa atashindwa, ataumia. Neema akatafsiri yote bila kutikisika. Kina mama wakaanza kuitikia kwa vichwa. Hapo nikaona tumekwisha.

Nikainua mkono.

"Binti yangu alikuja hapa Jumamosi. Shule yake haimo kwenye orodha. Ameumia?"

Mama wa ofisi akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama meza.

"Hapana," akasema. "Alifanya vizuri. Vizuri sana, kusema kweli."

"Basi orodha inamlinda nani?"

"Mama, tulishakueleza. Binti yako ni hali ya pekee."

"Upekee wake nini? Divine yule pale anakaa naye dawati moja. Mwalimu wao mmoja, kitabu kimoja wanakisoma wawili. Niambieni upekee wa wangu ni nini nikawaambie wenzangu. Maana mimi naujua mmoja tu, kwamba jina langu lilikuwa la kwanza kwenye karatasi."

Yule mama akainama kidogo upande wangu, na sauti yake haikubadilika hata chembe.

"Unataka kusema tumtoe?"

Neema hakutafsiri. Haikuwa na haja, Kiingereza hicho ninakijua. Nikafikiria ile bahasha. Nyie vijana mnapenda kusema mko tayari kwa lolote; mimi sikuwa tayari.

"Mkimtoa," nikasema, "mniandikie sababu, kwa barua, na mhuri. Mkimwacha, muwaandikie hawa wanane sababu ya watoto wao kubaki nje. Kila mmoja na barua yake. Majina yao mnayo."

Mwalimu alitoa kalamu akaandika kitu. Mkutano ukaisha kwa kuambiwa watajadili.

Tulitembea mimi na Neema mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, tukingoja iwe kijani.

"Ungenipotezea nafasi yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Bado inaweza kupotea."

"Ndiyo, inaweza."

"Ungeniuliza kwanza, Mama. Ilikuwa yangu. Haikuwa yako."

Robot ikawa kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki. Alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na haki mbili zile hazikutusaidia kitu njiani. Wiki nzima alinijibu kwa neno moja moja, safari hii hata "yes" ilikuwa nusu. Kila asubuhi aliangalia simu yangu kama ofisi imepiga. Mimi nilikuwa naangalia kabla yake.

Hawakumtoa. Jumamosi aliingia, hakuna aliyemzuia. Barua iliyokuja baadaye ilikuja kwa kamati, fupi, bila mhuri: kuanzia muhula unaofuata, shule yoyote ya mashariki ya mji itapeleka watoto wa gredi ya kumi na moja watakaopendekezwa na mwalimu wao wa hesabu. Mashariki tu, upande wetu wa Malvern. Kusini bado, magharibi bado, na ndiyo maana nyie mko kwenye kamati badala ya kuwa kitandani mnatazama simu. Msiende kwenye geti. Nendeni walikokaa watu saa sita. Someni majina kabla ya kuyapeleka. Na mkimtumia mtoto wa mtu kama mfano, mwambieni yeye kwanza, kabla ya mama yake. Hilo sikulifanya, na Neema hajanisamehe kabisa. Naye ana kichwa kigumu, sijui kakitoa wapi.

Jumamosi ya kwanza ya muhula ule nilitoka naye mpaka nje. Alitembea mbele yangu, begi mgongoni, hakuniaga vizuri. Nilidhani atapita moja kwa moja. Akasimama chini ya dirisha la Mama Divine, akaweka mikono mdomoni.

"Divine! Shuka! Mimi simsubiri mtu!"

Dirisha likafunguliwa, Mama Divine akatoa kichwa, akasema mutoto anatafuta kiatu.

"Mimi naondoka!" akapiga kelele Neema.

Akaketi kwenye ngazi, akamsubiri.